Wiski Niliyoiita Feki

Nianze na ndugu yangu mkubwa, kwa sababu bila yeye na ile simu yake huenda mambo yasingeharibika kiasi kile. Ingawa nikisema ukweli, yeye alikuja tu kupigilia msumari. Kosa lenyewe lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa nimesimama wima, mchana kweupe, mbele ya watu kama arobaini.

Ilikuwa Jumamosi ya ruracio ya binti yangu wa pekee. Watu wa kijana aliyetaka kumwoa walikuwa wamefika kwangu Kiganjo kuleta mahari na kuzungumza, wengi wao kutoka Githurai 45, wakiongozwa na mjomba wake, mwanamume mnene mwenye duka la simiti na sauti ya mhubiri. Upande wetu msemaji alikuwa huyo ndugu yangu, aliyeshuka kutoka Gatuanyaga asubuhi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Kijana mwenyewe alikaa mwisho wa safu akiwa na suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Kwetu anayeoa hasemi siku hiyo. Anayeolewa naye huwekwa chumbani na shangazi zake mpaka aitwe. Wanaosema ni wazee, nao husema sana.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye vinywaji. Muratina, pombe yetu ya asili, ilikuwepo, bia zilikuwepo, soda zilikuwepo. Halafu mjomba wa Githurai akatoa boksi lenye picha ya mawe na mawimbi, na ndani yake chupa ya kijani iliyojaa wiski. Akasema hii ni ya baba wa msichana peke yake, ni ya aina ya kipekee, kijana ameileta kwa mkono wake. Zaidi ya hapo hakuwa na habari nayo, na baadaye niligundua kwamba hakuwa ameuliza.

"Ifunguliwe mwenyewe aonje," ndugu yangu akasema. "Si tuko na mtaalamu hapa."

Watu wakacheka, nami nikasimama haraka kuliko ilivyostahili, kwa sababu napenda kuitwa mtaalamu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mwonjaji wa kahawa katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa hapa Thika. Ni kazi rahisi kueleza. Kahawa ya wakulima huja kwa sampuli ndogo ndogo, inakaangwa, inasagwa, inamwagiwa maji moto kwenye mabakuli yaliyopangwa mezani. Unainama, unanusa, unavuta kijiko kimoja kwa kelele ambazo mke wangu hajawahi kunisamehe, unatema kwenye beseni, unasogea kwa bakuli linalofuata. Bakuli likiwa na harufu ya dawa, ile harufu ya hospitali na lami tunayoiita fenoli, kahawa hiyo inakataliwa, na mahali fulani huko milimani mkulima mmoja anapata habari mbaya. Mimi fenoli nilikuwa naikamata kabla ya kuinama. Wenzangu wa maabara walikuwa wakinitegea, wanaficha bakuli moja bovu katikati ya mengi, na hawakuwahi kunipata.

Basi nikamimina kidogo kwenye glasi, nikaileta puani, na miaka yote ile ikaamka kwa pamoja. Dawa ya vidonda. Bendeji. Lami. Waya ulioungua. Ilikuwa fenoli tupu, ya wazi kuliko yoyote niliyowahi kukutana nayo kazini. Nikagusisha ulimi, nikatema kwenye leso.

"Hii haiko sawa," nikasema.

Hapo ndipo ndugu yangu alipoichukua chupa na kuanza kuigeuzageuza akitafuta stempu ya ushuru, kile kikaratasi kinachobandikwa shingoni mwa kila chupa inayouzwa nchini. Haikuwepo. Akatoa simu ambayo mwanawe alimwekea programu ya kusoma stempu, akaipitisha shingoni mwa chupa, akaipitisha chini, akaipitisha hata juu ya boksi. Simu haikusema kitu. Alivaa miwani, akarudia yote tena polepole, na watu wote wakawa wanamngoja.

"Haina stempu," akatangaza. "Hii ni feki. Kwani mnataka tuwe vipofu?"

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja pale anajua mtu aliyepofuka au kuzikwa kwa sababu ya pombe mbaya. Mjomba wa Githurai akaanza kutokwa na jasho na kuomba radhi kabla hajajua anaombea nini; akasema wataleta nyingine, wasamehewe, vijana wa siku hizi hutapeliwa. Mimi nilikuwa namtazama kijana. Aliinua uso, akafungua mdomo, na mzee aliyekaa kando yake akamwekea mkono gotini. Akaufunga. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na nikajiambia hiyo ni aibu ya mtu aliyeshikwa.

Waliondoka bila kula. Mke wangu alikuwa amepika tangu Ijumaa: mukimo, nyama, chapati za kutosha mtaa mzima. Ua ulipobaki na viti vitupu, binti yangu alitoka chumbani akiwa na nguo iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, nguo ambayo hakuna mgeni aliyeiona, kwa sababu hakuna aliyefika mahali pa kumwita.

"Baba, umemwita mtu mwizi mbele ya watu wake," akasema.

"Sijamwita mwizi. Nimesema kinywaji hakiko sawa."

"Na hukuniuliza. Hata hukumuuliza."

"Anayeoa haulizwi kitu siku hiyo. Wewe unajua."

Akaenda kubadilisha nguo. Wiki hiyo hiyo alihamia Ruiru, kwenye nyumba ambayo kijana alikuwa amepanga huko, orofa ya tatu, mbele ya shule ya msingi. Hayo yote nilisikia kutoka kwa mama yake. Alimpigia mama yake kila siku, wakati mwingine mara mbili, na mimi nikikaa chumba kile kile nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Hakuwahi kuomba nipewe simu. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita.

Nilitaka binti yangu arudi nyumbani. Hilo tu. Lakini mwambie mtu wa umri wangu alitamke neno hilo, uone atakavyoanza kukueleza habari za stempu.

Chupa ilibaki. Mke wangu alitaka kuimwaga chooni jioni ile ile, nikamkataza.

"Ya nini?" akauliza.

"Ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini, mzee?"

"Kwamba sikukosea."

Akaichukua, akaisukuma nyuma kabisa ya kabati la sebuleni, nyuma ya glasi za harusi yetu, lebo ikitazama ukuta. Yeye ni wa chama cha akina mama kanisani, na chupa ya wiski nyumbani mwake ilikuwa jambo la kufunikwa kitambaa. Akaifunika.

Nilivumilia kama wiki tatu. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, ambao ndio wakati ulimi una akili, nikaitoa. Nikaosha kinywa kwa maji matupu, nikatafuta kijiko changu cha kazi, nikakaa mezani. Hapo nikagundua kwamba katika nyumba yangu haiwezekani kuonja kitu chochote. Jirani anakaanga vitunguu. Mwingine anachoma takataka. Mke wangu amepiga deki kwa sabuni yenye harufu ya kitu wanachokiita lavenda na ambacho hakijawahi kuota mahali popote duniani. Nilifunga madirisha yote, akayafungua. Nikayafunga tena.

Nilinusa. Dawa, lami, bendeji. Nilifurahi, nakiri kabisa kwamba nilifurahi. Nilifungua daftari langu la zamani na kuandika fenoli, nikapiga mstari chini.

Kisha mtu wa kusoma mita ya maji akabisha, na kwa kuwa mita yetu ilikuwa imezikwa na maua ya mke wangu, tulichimba na kubishana kwa karibu nusu saa. Niliporudi glasi ilikuwa pale pale mezani. Nikainusa ili tu niimwage. Ile dawa ilikuwa imerudi nyuma hatua kadhaa, na mbele yake kulikuwa na moshi. Haukuwa moshi wa kuungua. Ulikuwa moshi wa jikoni kwa mama yangu, wa masizi na kuni zilizokauka vizuri, ule ulioingia kwenye mablanketi na hatukuuona kama harufu mpaka tulipokwenda shule za bweni.

Niliudhika sana. Kasoro hairudi nyuma. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowafundisha wote waliopita mikononi mwangu: bakuli usilihukumu likiwa moto. Onja likiwa moto, onja likiwa vuguvugu, onja likiwa baridi, ndipo uandike. Kahawa mbovu inavyopoa ndivyo inavyozidi kujifichua, na ile safi inavyopoa ndivyo inavyozidi kukuonyesha vitu vyake. Niliwahi kumfokea mwenzangu mbele ya wageni kwa kuandika alama kabla ya duru ya tatu. Na mimi siku ya ruracio nilionja mara moja, nikatema kwenye leso, nikatangaza. Niliyajua hayo yote tangu asubuhi ile, na nilichofanya ni kurudisha kifuniko kwa nguvu na kuipeleka chupa kabatini.

Lakini nilirudi tena. Kila baada ya wiki moja au mbili, saa nne, tone la kujaza kijiko, glasi, na subira. Mke wangu alipoikuta glasi alinusa na kuniangalia.

"Umeanza kunywa saa nne asubuhi."

"Sinywi. Naonja. Natema."

"Wanywaji wote husema wanaonja."

"Umewahi kuona mlevi akitema?"

"Sijawahi kuishi na mmoja," akasema. "Bado."

Mwezi wa tatu au wa nne niliongeza maji, kijiko kimoja cha chai, na ikatoka chumvi. Si chumvi ya mezani. Ilikuwa harufu ya kitu chenye maji na jua, na ilinichukua siku mbili za kutembea na hasira kukumbuka ilikotoka. Kiwanda kiliwahi kutupeleka Mombasa mara moja, zamani, na asubuhi moja nilitembea ufukweni maji yakiwa yametoka. Mwani ulikuwa umelala juu ya mchanga ukianza kukauka. Wenzangu wote walisema unanuka. Mimi nilirudi siku ya pili kuunusa tena. Sasa nikajiuliza mwani umefikaje ndani ya chupa, na kwa nini mtu anayeghushi pombe kwenye mapipa huko vichochoroni ahangaike kuweka mwani. Hilo swali lilikuwa na jibu rahisi, kwa hiyo sikulijibu.

Julai iliniharibia kazi. Mnaijua Julai ya Thika, ile baridi yenye ukungu inayokaa hadi saa sita. Nilionja mara mbili na chupa ikanipa pilipili tu, imejifunga, haina maneno. Nilidhani imekufa, na nilishangaa jinsi nilivyohuzunika. Nikashika glasi kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha uji, mpaka ikapata joto, na ikafunguka polepole. Mwisho wa Septemba, ingawa nilikuwa nikitumia kijiko kwa kijiko, chupa ilikuwa chini ya nusu, na ile hewa iliyoingia ilikuwa imefanya kazi yake. Dawa ilikuwa imekwisha kabisa, au imekaa chini mahali pa kuheshimika. Moshi ulikuwa umetulia. Juu yake kulikuwa na mapeasi yaliyoiva sana, ndizi, asali, na mwishoni kabisa, baada ya kutema, shayiri, kama uji uliopikwa na mtu asiye na haraka. Hakuna aliyeongeza kitu. Ilikuwa chupa ile ile.

Wiki hiyo ndugu yangu alipita akiuza mbuzi wawili, nikamwita mezani. Nilikuwa nimeamua kumfungulia macho. Nikammiminia kidogo, nikamwambia anuse kwanza, asubiri, anuse tena. Akaomba soda. Nikamwambia haiwekwi soda. Akasema kila mtu huweka soda, akamfokea mke wangu kwa adabu amletee, akaijaza glasi hadi mdomoni na kuinywa kwa mikupuo mitatu.

"Sasa iko sawa," akasema. "Ilikuwa inataka soda tu."

"Kwa hiyo si feki."

"Feki ni feki. Stempu iko wapi?" Akapangusa mdomo. "Na wewe wacha haya mambo. Unataka wazee waonekane wajinga kwa sababu ya kijiko chako?"

Alipoondoka nilibaki nikiitazama ile glasi yenye mapovu. Nilimkasirikia kwa saa nzima, halafu hasira ikageuka ikaja kwangu, kwa sababu yeye angalau hakuwahi kudai anajua kuonja.

Nilimfuata mke wangu nyuma, alikokuwa akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Ile kitu ni safi," nikamwambia.

Hakuinua macho. "Najua."

"Unajua aje?"

Akanieleza huku akiendelea kutupa mawe, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kijana aliwahi kuwa mpishi kwenye meli za watalii, miaka mitatu. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua ni kwamba meli ilisimama siku moja kwenye kisiwa huko Skotlandi, mahali pa mvua na mawe, na yeye akatembea kwa mguu hadi kwenye kiwanda chenyewe kilichojengwa kando ya bahari, akainunua pale pale mlangoni. Alirudi nayo kwenye sanduku lake, akaiweka kwa mama yake chini ya kitanda karibu miaka miwili akiingojea siku ya kuja kwangu. Stempu yetu ingetoka wapi. Na ile harufu ya hospitali ni kwamba hao watu huchimba udongo mweusi wa kinamasi, wanaukausha, wanauchoma kama kuni, na moshi wake ndio unaokausha shayiri.

"Ulijua lini haya?"

"Wiki ile ile. Mtoto wako aliniambia kwa simu akilia."

"Na hukuniambia. Miezi yote hii."

"Ulisema wewe ndiye mtaalamu," akasema, akapeta maharagwe.

Sijui kama niliwahi kumkasirikia mtu kiasi hicho. Nilitoa simu mfukoni. Nikasema nampigia binti yangu sasa hivi, naomba msamaha, yaishe.

"Weka simu," mke wangu akasema. Sasa alikuwa ameinua macho. "Uliongea mbele ya watu arobaini. Huwezi kurudisha na simu ya mtu mmoja."

Kama mnadhani ni rahisi kuwakusanya wazee waje kusikia kwamba walikosea, jaribuni. Ndugu yangu alisema hana nafasi mpaka mvua ipite. Wazee wetu wengine walitaka mbuzi kwanza, wa kuwapoza kwa kusumbuliwa mara mbili kwa jambo moja, na ndugu yangu akakumbuka kwamba kwa bahati nzuri anao wa kuuza. Mjomba wa Githurai alisema yuko na mambo ya simiti. Nilipiga tena, akasema bado ni mambo ya simiti. Mwishowe mke wangu alivaa koti lake la kanisani, akaenda kumwona mama wa kijana, wakanywa chai kwa muda ambao mimi ningezunguka Thika nzima kwa miguu, na aliporudi siku ilikuwa imepangwa. Nikauliza waliongea nini. Akasema waliongea mambo ya kuku.

Walikuja Jumamosi ya Novemba, mvua ikinyesha na hema likivuja upande wa wazee wetu, jambo ambalo halikunihuzunisha. Binti yangu aliingia na shangazi zake kwa mlango wa jikoni. Nilimwona mgongo tu. Alikuwa amenenepa kidogo.

Baba wa msichana naye hasemi, ana msemaji. Kwa hiyo ndugu yangu akasimama, akakohoa, akasema, "Athoni, wakwe zetu, mzee hapa anasema kulikuwa na kutoelewana kidogo mambo ya stempu, na yeye ameamua kuwasamehe."

Nikasimama nikamvuta koti mpaka akakaa.

"Hakuna kutoelewana, na hakuna ninayemsamehe," nikasema. "Mimi nilikosea. Huyu kijana aliniletea kitu safi kuliko vingi nilivyowahi kuonja maishani, na mimi nilikionja mara moja, haraka haraka, nikitaka mnione. Nikamwaibisha, nikawaaibisha nyinyi, nikaharibu siku ya mtoto wangu. Naomba msamaha. Na sasa nataka aseme yeye mwenyewe."

Wazee wakaanza kunong'ona, wa kwetu na wa kwao, kwa mara ya kwanza wakiwa wa moyo mmoja. Anayeoa hasemi. Nikawaambia kwamba siku ile angeruhusiwa kusema tusingekuwa tunalowa hapa leo. Mjomba wa Githurai alifikiri kidogo, akampungia mkono asimame.

Kijana alisimama bila kujua aweke wapi mikono.

"Mimi hata sinywi, mzee," akasema. "Walinionjesha pale kiwandani nikatema. Ilikuwa mbaya sana."

Hema lote likacheka, ndugu yangu kuliko wote, akipiga paja. Nami nikacheka. Kijana akangoja tunyamaze.

"Ni yeye aliniambia," akasema, akielekeza kichwa upande wa nyumba. "Alisema tangu baba yake astaafu hakuna kitu cha kuonja. Alisema unaamka saa kumi na mbili unavaa kama wa kwenda kazini, halafu unakaa. Sasa nikawaambia wale watu wanipe ile iko na vitu mingi ndani. Ile mtu mmoja anaweza kaa nayo hata mwaka."

Sikucheka tena. Niligeuka nikatazama nyumba. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni kati ya shangazi zake wawili, uso ameuinamisha kama aliyefichuliwa siri. Nilikuwa nadhani naificha vizuri. Nilikuwa nadhani hakuna aliyeona zile asubuhi, shati lililopigwa pasi, viatu vilivyopakwa rangi, na mtu mzima akiwa amekaa kwenye kochi akingoja saa nne bila sababu. Yeye aliona, akamwambia mtu aliye upande wa pili wa dunia, na huyo mtu akatembea kwenye mvua. Nilikaa. Niliona aibu, na nikajua pia kwamba nimependwa, na sikuwa na mahali pa kuviweka vyote viwili mbele ya wageni.

Wazee waliendelea. Walisema mengi, wakala mbuzi, wakamaliza kilichobaki kwenye chupa wakikichanganya na soda ya rangi ya machungwa, na sikuwakataza. Binti yangu aliitwa, akaulizwa, akajibu. Kwenye saa kumi alikuja pale nilipokaa, mume wake akimngoja kwenye geti na mwavuli.

"Baba, Jumapili ijayo tutakuja," akasema. "Tutafika mapema, kabla ya kanisa."

Nikamwambia sawa. Walipopinda kona nilizunguka nyuma ya nyumba, nikashika ukuta, nikalia. Mke wangu alikuja na beseni, akanipita, akaanza kuanua nguo, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha na kamba ilikuwa tupu.